Sauti Iliyojaa: Mwongozo kwa Kwaya na Familia Zinazorekodi Nyumbani

Katika parokia na vigango vyetu, kurekodi si kazi ya studio peke yake tena. Kwaya hurekodi wimbo mpya sebuleni kwa mwalimu wake. Wanajumuiya hurekodi rozari kwa ajili ya mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani. Mjukuu humrekodi bibi akiimba nyimbo alizofundishwa na katekista miaka mingi iliyopita. Kazi hizi zote ni njema, lakini malalamiko yanayofuata hufanana: tulipoimba ilikuwa tamu, ila tunaposikiliza ni kama sauti inatoka ndani ya kopo. Besi hazisikiki, maneno yamemezwa na mwangwi wa chumba, na wimbo umekuwa mwembamba.

Hili si suala la starehe ya masikio tu. Zipo nyimbo ambazo leo zinaishi katika kumbukumbu ya mtu mmoja au wawili, hazikuandikwa kwa nota wala hazikuchapishwa. Mzee huyo akiitwa na Bwana, wimbo unaondoka naye. Na kama rekodi iliyobaki haieleweki, umeondoka pia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, uliutaja muziki mtakatifu kuwa hazina ya Kanisa zima (namba 112), ukaagiza pia kwamba mapokeo ya muziki ya watu wa nchi za misioni yapewe heshima na nafasi inayostahili (namba 119). Hazina hutunzwa, na siku hizi mojawapo ya njia za kuitunza ni rekodi nzuri.

Katika makala hii tunaeleza namna ya kupata sauti iliyojaa kwa vifaa ambavyo wengi wetu tunavyo: simu, maikrofoni ya bei nafuu, kompyuta moja, na chumba cha kawaida. Kanuni inayoongoza yote ni hii: ujazo wa sauti huvunwa wakati wa kurekodi. Kompyuta inaweza kupanga na kusafisha kile kilichoingia. Haiwezi kurudisha ambacho hakikuingia.

1. Sauti iliyojaa ni nini?

Kila sauti ni mtetemo wa hewa. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia takribani mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde; kwenye mitambo idadi hiyo huandikwa kwa alama ya Hz. Besi akishuka chini kabisa hufika karibu na Hz 80, na soprano akipanda juu hukaribia Hz 900, na wengine huipita.

Lakini mwimbaji hatoi mtetemo mmoja tu. Besi anapoimba noti ya Hz 110, pamoja nayo hutoka mitetemo ya Hz 220, 330, 440 na kuendelea, kila mmoja kwa nguvu yake. Mchanganyiko huo ndio unaotuwezesha kutambua kwamba huyu ni fulani na yule ni mwingine, ingawa wanaimba noti moja. Sauti iliyojaa, basi, ni ile ambayo ngazi zake zote zimetufikia pamoja: msingi wa chini, mwili wa katikati, hasa kati ya Hz 200 na 500, na uwazi wa juu, ambako konsonanti kama s na sh hupata ukali wake, kati ya Hz 4,000 na 8,000.

Kumbe sauti kubwa na sauti iliyojaa ni vitu viwili tofauti. Rekodi nyembamba ikiongezwa nguvu itabaki nyembamba, ila itapiga kelele. Vilevile, kuongeza besi za chini kabisa hakumsaidii msikilizaji wa simu, kwa kuwa spika ndogo ya simu haina uwezo wa kutoa mitetemo hiyo. Ubongo wetu, hata hivyo, una kipaji cha ajabu: ukisikia Hz 220, 330 na 440 zikienda pamoja, hutambua noti ya Hz 110 ingawa yenyewe haikusikika. Ndiyo maana mwili wa katikati una uzito mkubwa kiasi hiki. Ukiwa mzima, wimbo husikika umejaa kanisani, redioni, na hata kwenye simu ya mfukoni.

2. Chumba ni ala ya kwanza

Tunapoimba chumbani, maikrofoni hupokea sauti mara nyingi: kwanza ile inayotoka mdomoni moja kwa moja, kisha ile iliyogonga ukuta, sakafu, dari na meza. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde. Ikiwa ile iliyogonga meza imezunguka sentimita 34 zaidi ya ile ya moja kwa moja, itachelewa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ucheleweshaji huo mdogo unatosha kuleta madhara: kwenye Hz 500 mitetemo miwili hukutana ikiwa kinyume, mmoja ukisukuma na mwingine ukivuta, ikafutana. Hutokea hivyo pia kwenye Hz 1,500 na 2,500. Hapo ndipo sauti ya kopo inapozaliwa. Mashimo ya namna hii hayazibiki baadaye kwa kompyuta.

Dawa yake imo ndani ya nyumba zetu. Chumba chenye makochi, mapazia mazito, zulia na kabati la nguo hufaa kuliko chumba kitupu chenye sakafu ya saruji na vioo vya madirisha. Tundikeni mablanketi mazito nyuma ya waimbaji na kwenye kuta za pembeni, yakiwa yameachana na ukuta kwa kiganja kimoja au viwili, maana kitambaa kilichoning'inia mbali kidogo na ukuta hunyonya sauti zaidi kuliko kilichobandikwa. Godoro lililosimamishwa hufanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu ya unene wake. Kanga moja nyepesi hupunguza ukali wa juu tu. Haiwezi kuzuia uvumi wa besi.

Jambo la pili ni umbo la chumba. Kati ya kuta mbili zinazotazamana kwa umbali wa mita 4, kuna noti ambazo chumba huzikuza chenyewe: karibu na Hz 42, 85 na 127. Noti ya Hz 85 imo katika eneo la besi, na akiiimba itavuma kuliko jirani zake. Chumba cha mraba huzidisha tatizo, kwa sababu kuta zote nne hukuza noti zile zile. Tuchague chumba cha mstatili, tuepuke kuweka maikrofoni kwenye kona au katikati kabisa, na tusogee hatua moja moja huku tukisikiliza hadi uvumi upungue.

Tatu, kelele. Bati hulia likipata joto na hunguruma mvua ikinyesha. Jokofu huvuma muda wote. Feni, kuku, bodaboda na jenereta ya jirani huingia bila hodi. Zimeni jokofu na feni kwa muda wa wimbo, zimeni simu zote isipokuwa ile inayorekodi, nayo iwekwe katika hali ya kutopokea simu. Saa za utulivu aghalabu ni alfajiri au usiku baada ya watoto kulala. Kabla ya kila wimbo, rekodini sekunde 10 za ukimya wa chumba. Sehemu hiyo itatumika wakati wa kusafisha.

3. Maikrofoni iwe wapi?

Hakuna kifaa chenye faida kubwa kuliko umbali sahihi. Kila mara umbali kati ya mwimbaji na maikrofoni unapoongezeka maradufu, sauti ya moja kwa moja hupungua kwa takribani desibeli 6, wakati mwangwi wa chumba unabaki karibu vilevile. Kwa hiyo maikrofoni ikiwa mbali hurekodi zaidi chumba kuliko mtu.

Kwa msomaji au mwimbaji mmoja, sentimita 20 hadi 30 zinatosha, yaani takribani shubiri moja na nusu. Maikrofoni isielekezwe katikati ya mdomo bali pembeni kidogo, ili pumzi ya herufi p na b isiigonge. Maikrofoni inayosikiliza upande mmoja, kama zile za mkononi zinazotumika kanisani, ina tabia ya kuongeza besi mtu anapoikaribia. Kwa sauti nyembamba tabia hiyo ni msaada: sogeeni hadi sentimita 10 au 15 na sauti itapata mwili. Simu nyingi hazina tabia hiyo, kwa sababu maikrofoni zake husikiliza pande zote. Kwa simu, faida ya kusogea ni kupunguza mwangwi.

Kwa kwaya ya watu 8 hadi 15 na maikrofoni moja, panga waimbaji katika nusu duara, maikrofoni ikiwa mita 1.5 hadi 2 kutoka kwao, juu kidogo ya vichwa vya mstari wa mbele, ikiinama kuelekea vinywani. Isiwekwe juu ya meza. Simu ifungwe kwenye kigoda kirefu au mti wa ufagio uliosimamishwa imara, ikiwa imelazwa juu ya kitambaa kilichokunjwa ili isipokee mtikisiko wa nyayo. Fahamuni tundu la maikrofoni ya simu liko wapi. Kwa simu nyingi liko chini, karibu na mahali pa kuchajia. Tundu hilo ndilo linalotazama kwaya, si kioo.

Mkitumia maikrofoni mbili kwa makundi mawili, umbali kati ya maikrofoni na maikrofoni uwe angalau mara tatu ya umbali kati ya kila maikrofoni na waimbaji wake. Ikiwa soprano wako mita 1 kutoka maikrofoni yao, ya besi iwe mita 3 kutoka hapo. Vinginevyo sauti moja itaingia kwenye maikrofoni zote mbili kwa nguvu inayokaribiana, na ule ufutanaji tuliouona kwenye meza utarudi.

4. Ujazo unaotoka kwa waimbaji

Kabla ya kuulaumu mtambo, tuangalie kwaya yenyewe. Kwaya nyingi zina soprano wengi na besi wachache. Kwa masikio yetu kanisani jambo hilo hufichwa na jengo, lakini maikrofoni haisitiri. Siku ya kurekodi, sauti ya tatu na ya nne zisimame karibu na katikati ya nusu duara, na soprano wenye nguvu warudi nyuma hatua moja au mbili. Mwimbaji anayejitokeza kuliko wenzake asiambiwe apunguze moyo wa kuimba, asogezwe nyuma. Hatua moja hufanya kazi ambayo mtambo hauwezi kuifanya bila kuharibu sauti za wengine.

Irabu zifanane. Watu 10 wakiimba a kwa midomo 10 tofauti, mitetemo haijengani. Wakifungua midomo namna moja, sauti hukua bila mtu kuongeza nguvu. Konsonanti za mwisho wa mstari zitamkwe pamoja kwa ishara ya mwalimu. Waimbaji wasimame wima na karatasi isishikwe mbele ya mdomo, kwani karatasi ni ukuta mdogo.

Tusiimbe kwa kupiga kelele. Wimbo ukirekodiwa kwa nguvu ya wastani, pumzi ikiwa tele, hutoa mwili mzuri kuliko ule unaopigwa kwa koo lililokazwa. Kwaya ipumzike baada ya kila marudio matatu au manne.

5. Kurekodi kwa tabaka

Kwaya ndogo inaweza kusikika pana kwa kuimba wimbo uleule mara mbili, na rekodi mbili zikachezwa pamoja. Hakuna binadamu anayerudia kuimba sawasawa kabisa: anachelewa kidogo hapa, anawahi kidogo pale, anapanda au kushuka kwa kiasi kisichoonekana. Tofauti hizo ndizo zinazoleta upana. Katika marudio ya pili waimbaji wabadilishane nafasi, wasikilize rekodi ya kwanza kwa hedifoni ili isivuje kwenye maikrofoni, na mwalimu aongoze kama kawaida. Kisha rekodi moja ielekezwe kushoto kidogo na nyingine kulia kidogo.

Baadhi ya vijana hunakili rekodi moja na kuibandika tena juu yake wakidhani wameongeza waimbaji. Nakala mbili zilizo sawa hazileti unene wowote. Zinaongeza sauti kwa desibeli 6 tu, kama vile kugeuza kitufe. Na nakala ikisogezwa kidogo mbele au nyuma, yale mashimo ya kufutana huonekana mara moja. Tabaka la kweli linahitaji waimbaji waimbe tena.

6. Kinanda, ngoma na kayamba

Kinanda cha umeme kina njia ya kutolea sauti kwa waya. Kikiunganishwa moja kwa moja na kompyuta au kifaa cha kurekodia, hutoa sauti safi bila chumba, na waimbaji wanaweza kukisikia kwa hedifoni. Mpiga kinanda akumbuke kwamba mkono wa kushoto ukijaza noti nyingi za chini, unawafunika besi. Aiachie kwaya eneo hilo: noti moja ya msingi inatosha, na mkono wa kulia usirudie melodi ya soprano muda wote.

Ngoma huongeza joto la chini ambalo sauti za watu hazina, lakini zikirekodiwa chumba kimoja na kwaya huingia kwenye kila maikrofoni. Njia nyepesi ni kuziweka nyuma kabisa, mita 3 au 4 kutoka kwenye maikrofoni, au kuzirekodi peke yake baada ya kwaya. Kayamba na manyanga hukaa kwenye eneo lilelile la konsonanti; yakiwa karibu mno, maneno hupotea. Yarudi nyuma ya waimbaji wote.

7. Kiwango cha kuingiza sauti na aina ya faili

Mtambo wa kidijitali una dari isiyovukika, nayo huandikwa 0. Sauti ikigonga dari hukatwa kichwa, na mkato huo husikika kama kukwaruza. Kwa hiyo waimbaji waimbe sehemu ya nguvu kuliko zote katika wimbo, nasi tupange kiwango ili kilele kifike kati ya desibeli 12 na 6 chini ya dari. Usiogope kwamba ni ndogo. Itaongezwa mwishoni bila hasara.

Chagueni faili la WAV badala ya MP3 wakati wa kurekodi. MP3 hutupa sehemu ya sauti ili kupunguza ukubwa, na kila inapohifadhiwa upya hutupa tena. WAV ya kiwango cha CD, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, huchukua takribani megabaiti 10 kwa dakika ikiwa ya njia mbili. Wimbo wa dakika 5 unahitaji kama megabaiti 53. Kama kifaa kinaruhusu biti 24, zitumieni. Katika simu, zimeni chaguo la kuondoa kelele kama lipo: limetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, nalo huichukulia sauti ya kinanda au ya besi iliyovutwa kuwa kelele na kuinyonya. Mnapotumiana faili kwa WhatsApp, litumeni kama hati, si kama ujumbe wa sauti, ili lisibanwe upya.

8. Kusafisha na kuchanganya

Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha kwa kazi yote tunayoieleza hapa. Fanyeni kazi kwenye nakala, asili ibaki bila kuguswa, na mfuate utaratibu ufuatao.

Kwanza, ondoeni uvumi usio wa wimbo kwa kukata kila kilicho chini ya Hz 60 au 70. Kwa sauti ya kike peke yake, mnaweza kupanda hadi Hz 100. Inashangaza lakini ni kweli kwamba kukata huko huifanya rekodi isikike imejaa zaidi, kwa sababu nafasi iliyokuwa imeliwa na ngurumo inabaki kwa waimbaji.

Pili, tumieni ikwalaiza, yaani kipimo cha kuongeza na kupunguza ngazi za sauti, kwa kiasi kidogo. Sauti ikiwa nyembamba, ongezeni desibeli 2 au 3 kati ya Hz 150 na 300. Ikiwa inasikika kama imo ndani ya sanduku, punguzeni kiasi hicho hicho karibu na Hz 400. Maneno yakififia, ongezeni desibeli 2 karibu na Hz 3,000 hadi 4,000. Mkijikuta mnaongeza desibeli 10, kosa liko kwenye chumba au umbali, rudieni kurekodi.

Tatu, kompresa hupunguza tofauti kati ya sehemu za nguvu na za upole, ili maneno ya chini yasipotee. Uwiano wa 2 kwa 1 au 3 kwa 1, ukipunguza desibeli 3 au 4 kwenye vilele, unatosha. Ukizidi, wimbo unakosa pumzi, na kwaya inasikika kama mtu anayesema bila kupumzika.

Nne, mwangwi. Baada ya kurekodi katika chumba kilichotulizwa, sauti itakuwa kavu, nayo inahitaji nafasi. Kwa kwaya, mwangwi wa sekunde 1.5 hadi 2 unafaa, ukicheleweshwa sehemu 20 hadi 40 za elfu za sekunde ili neno litangulie na mwangwi ufuate. Kwenye mwangwi wenyewe, kateni kila kilicho chini ya Hz 250, la sivyo besi zitageuka tope.

Ipo pia njia ya asili. Mwaka 1947 huko Chicago, fundi mitambo Bill Putnam alipokuwa akirekodi kundi la Harmonicats alitumia bafu la jengo kuwa chumba cha mwangwi: alipeleka sauti humo kwa spika, akaipokea kwa maikrofoni, kisha akaichanganya na ile ya kwanza. Nasi tuna vyumba bora kuliko bafu. Kwa ruhusa ya paroko, na wakati ambao hakuna ibada wala waamini katika sala, rekodi kavu inaweza kuchezwa kwa spika ndani ya kanisa tupu na kurekodiwa tena kutoka upande wa pili. Mkichanganya kidogo ya sauti hiyo na ile kavu, wimbo utakuwa umepata sauti ya kanisa lenu wenyewe.

9. Kupima kabla ya kusambaza

Sikilizeni kwa hedifoni, kwa spika ya simu, na kwa redio au gari. Sikilizeni pia kwa njia moja badala ya mbili, kwa kuwa simu na redio nyingi zina spika moja. Sauti ikikonda ghafla hapo, kuna rekodi mbili zinazofutana. Linganisheni na wimbo wa kwaya nyingine mnaoupenda, zote zikiwa na nguvu sawa, kwa sababu sikio hudanganyika na kusifu chochote kilicho kikubwa zaidi. Mwishowe, mpeni mtu ambaye hajui wimbo huo, mumwombe aandike maneno anayoyasikia. Neno asiloliandika ndilo la kurekebisha.

10. Sauti za wazee na za wagonjwa

Kwa mzee, chumba anachokizoea ni bora kuliko chumba kizuri asichokizoea. Akae kwenye kiti kisicholia, karibu na godoro au pazia, maikrofoni ikiwa sentimita 20 kutoka mdomoni na chini kidogo ya macho yake ili isimtishe. Ombeni ruhusa yake, na mumweleze rekodi itatumika wapi. Rekodini mazungumzo yote bila kusimamisha mtambo, maana aghalabu ubeti uliosahaulika hurudi katikati ya maongezi. Mwanzoni tajeni tarehe, mahali na jina la wimbo. Tusisafishe mno: kikohozi kinaweza kuondolewa, lakini mtetemo wa sauti ya uzee ni sehemu ya ushuhuda. Hifadhini nakala angalau tatu, mojawapo nje ya nyumba hiyo, kwa mfano katika ofisi ya parokia.

11. Mipaka ya rekodi

Rekodi, hata iwe nzuri vipi, haichukui nafasi ya Taifa la Mungu linaloimba. Maagizo juu ya muziki mtakatifu yaliyotolewa Roma tarehe 3 Septemba 1958, wakati wa Papa Pius XII, yalikataza santuri, kanda na redio kutumika badala ya uimbaji ndani ya matendo ya kiliturujia, lakini yalikubali zitumike kujifunzia nyimbo na kusikilizwa nje ya ibada. Msingi wake unaeleweka: sadaka ya sifa hutolewa na watu walio hai. Rekodi imsaidie mgonjwa kusali, iwafundishe wanakwaya wapya, iwafikie walio safarini. Misa iimbwe na waliohudhuria.

Pia tuheshimu haki ya mtunzi. Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za muziki, za kikwaya zikiwemo. Kabla ya kusambaza au kuuza wimbo wa mtu mwingine, tumwombe kibali, nalo jina lake litajwe. Kumnyima mtunzi haki yake ni kukiuka amri ya saba, hata kama wimbo wenyewe ni wa kumsifu Mungu.

Kila mwaka tarehe 22 Novemba tunamkumbuka Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Tunapendekeza kwamba kila kwaya, kabla ya sikukuu hiyo, imchague mzee mmoja wa kigango chake, ipange blanketi mbili na godoro moja, ikae naye jioni moja, na kurekodi walau nyimbo tatu anazozijua yeye. Gharama yake ni ndogo. Tukichelewa, hakuna programu itakayoturudishia.

Mtakatifu Sesilia, utuombee.